Wachezaji wetu wanadai mbio za mtandaoni: tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Tuko watatu, na kwa miaka miwili tumekuwa tukitengeneza mchezo wa uigaji wa mbio za magari kwa kompyuta. Una magari 8 na viwanja 10, na fizikia ya matairi ndiyo tunayojivunia. Tangu tutoe toleo la majaribio, ujumbe tunaopata karibu wote ni huu: "Mtandaoni lini?" Saa za jioni hufika wachezaji kama 60 kwa wakati mmoja. Mwenzetu mmoja anasema tuache kila kitu tushughulikie hilo. Mwingine anasema wanaopiga kelele ni wachache, wengi hucheza peke yao kimyakimya. Nani yuko sahihi, na tukiamua kufanya, tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, fanyeni. Nalisema mapema ili usisome yote haya ukisubiri hukumu. Ila kabla hamjaandika mstari wowote wa msimbo, uangalieni vizuri huo ujumbe wa "mtandaoni lini?" Maneno hayo mawili yamebeba maombi manne, na kila moja lina gharama yake. Kuna anayetaka kukimbizana na rafiki yake mmoja tu. Kuna mwenye ligi ya watu 20 wanaokutana usiku uleule kila wiki, na huyo anahitaji seva yake (kompyuta inayowaunganisha wachezaji), sheria zake na matokeo yaliyoandikwa. Kuna anayetaka kubonyeza kitufe saa yoyote akute wageni wa kiwango chake wanamsubiri. Na kuna wa nne, ambaye husahaulika: huyu hahitaji gari lingine barabarani, anataka tu kujua muda wake wa mzunguko umemweka wa ngapi kati ya wote walioendesha gari lile katika uwanja ule. Wote wameandika sentensi ileile, nanyi mmeisoma kama ombi moja.

Nianze na mwenzenu wa kwanza, kwa sababu kiu anayoizungumzia ni ya kweli. Mchezo wa uigaji hauna hadithi ya kumaliza. Zawadi yake ni ustadi, na ustadi unataka mtu wa kuupima naye. Madereva wa kompyuta, hata wakitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, baada ya wiki chache unakuwa umeshawajua: huyu hushika breki palepale, kona ile hukupa nafasi, kona hii hakupi. Binadamu anachoka, anaona aibu, anaingiwa na hofu. Nakumbuka mbio moja ya ligi ambapo nilimfuata mtu mizunguko 11. Kwenye kona za kasi alinizidi kidogo, na njia ya kumpita sikuwa nayo. Basi kila tulipofika kwenye breki ya kona ya kwanza nilitoa pua ya gari kidogo upande wa ndani, kisha nikairudisha. Mara ya kwanza hakujali. Mara ya nne nikaona anaanza kuziba ndani mapema. Kuanzia mzunguko wa nane taa zake za breki zilikuwa zinawaka mita kadhaa kabla ya pale alipokuwa akishikia mwanzoni. Mzunguko wa 12 akabana ndani kupita kiasi, akaingia kona kwa pembe mbaya, gurudumu likapanda nyasi, nami nikapita kwa nje bila kumgusa. Mtu huyo sijawahi kumtia machoni. Lakini nilimsoma kwa taa zake za breki kama mtu anayesoma uso, na hicho ndicho kitu ambacho wachezaji wenu wanakosa wakikimbia peke yao.

Ndiyo maana mashabiki wakinyimwa hujitengenezea. Richard Burns Rally ulitoka mwaka 2004, na mashabiki wakauwekea mfumo wao wa mashindano ya mtandaoni. Miaka zaidi ya 20 baadaye watu bado wanashindana ndani yake. BeamNG.drive ni mgumu zaidi, maana kila gari humo ni wavu wa vifundo na vijiti vinavyopinda, na kuutuma wavu mzima kwenye intaneti kila sekunde ni kazi kubwa mno. Hata hivyo mashabiki wakatengeneza BeamMP ili wakutane humo. Assetto Corsa Competizione ulikuja na seva na alama za kupima usalama wa dereva, lakini ratiba ya mbio zenye viwango ambayo wengi waliifuata ilikuwa ya Low Fuel Motorsport, huduma ya bure iliyoanzishwa nje ya kampuni. Watu hawakeshi usiku kujenga kitu wasichokihitaji.

Na kwa kuwa mko watatu, utazameni Live for Speed. Ni kazi ya watu watatu, Scawen Roberts, Eric Bailey na Victor van Vlaardingen, na toleo lake la kwanza la kuuzwa lilitoka 2003. Mbio za mtandaoni hazikuwa kiraka kilichobandikwa mwishoni. Zilikuwa moyo wa mchezo, na seva zake zimeendelea kuwa na watu muda mrefu baada ya michezo yenye picha nzuri zaidi kusahaulika. Kwa hiyo idadi yenu si kisingizio.

Sasa mwenzenu wa pili. Naye msimpuuze. Gran Turismo Sport ulipotoka Oktoba 2017 uliegemea mno mashindano ya mtandaoni, na malalamiko ya waliozoea kucheza peke yao hayakukawia; Desemba mwaka huohuo watengenezaji waliongeza GT League, mashindano ya mchezaji mmoja. iRacing, huduma iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008 na iliyojengwa tangu msingi kwa ajili ya kushindana na watu, iliongeza madereva wa kompyuta mwaka 2019. Fikirini hilo. Wale waliofanikiwa kuliko wote kwa mbio za watu na watu waliona bado kuna nafasi ya mtu anayetaka kukimbia akiwa peke yake, aanze anapotaka, asimamishe mbio mtoto akilia. Mtu huyo hawaandikii ujumbe, maana hana anachowadai. Sehemu anayoicheza isipoboreshwa kwa mwaka mzima ataondoka bila kuaga.

Kutoka hapo nawapa sharti moja ambalo kwangu halina mjadala: mtu anayeendesha peke yake asitegemee seva yenu. Machi 2022 Gran Turismo 7 ulikaa zaidi ya saa 30 katika matengenezo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo ilidai muunganisho, hata waliotaka kucheza peke yao walikwama. The Crew wa Ubisoft, ambao haukuchezeka kabisa bila seva, ulizimwa mwisho wa Machi 2024. Waliokuwa wameununua wakabaki na kitu kisichowaka, na hasira yao ikawa chimbuko la Stop Killing Games, kampeni ya kupinga michezo iliyouzwa kuzimwa namna hiyo. Ninyi ni wadogo. Siku mkishindwa kulipia seva, mchezo uendelee kuwaka, na programu ya seva iwe mikononi mwa wachezaji wenyewe.

Turudi kwenye ombi lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo miradi mingi ilipozama.

Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa hukata mita 55 na zaidi kila sekunde. Chukua kuchelewa kwa sekunde 0.1 kati ya kompyuta yako na ya mwenzako, jambo la kawaida kabisa watu wakiwa mbali: hizo ni mita tano na nusu, zaidi ya urefu wa magari mengi ya mbio. Mkikimbia ubavu kwa ubavu, na kila kompyuta ikichora gari la mwenzako pale taarifa ya mwisho iliposema lilikuwa, basi wewe utamwona yuko nyuma yako kwa urefu wa gari zima. Naye, kwenye skrini yake, atakuona wewe nyuma yake kwa urefu uleule. Kila mmoja anajiona anaongoza. Kila mmoja anaona ana haki ya kuingia ndani kwenye kona. Hebu jaribuni kuwaamua hao baada ya kugongana!

Dawa yake inajulikana tangu zamani: kompyuta hailichori gari la mwenzako pale lilipokuwa, hulikisia pale linapopaswa kuwa sasa, kwa kutumia mahali, kasi, mwelekeo na mgeuko uliomo kwenye pakiti ya mwisho, yaani kifungu cha taarifa kinachotumwa mtandaoni. Magari yanatabirika, tofauti na mtu anayeruka huku na huku katika michezo ya risasi. Uzito wake haumruhusu dereva kubadili mawazo haraka. Chukua gari linalofunga breki kwa nguvu, kasi ikipungua mita 15 kwa sekunde katika kila sekunde. Taarifa ya breki ikichelewa sekunde 0.1, kosa la makisio ni sentimita saba na nusu tu. Ikichelewa 0.2, ni sentimita 30. Ikichelewa 0.4, ni mita 1.2. Mnaona mwendo wake? Kuchelewa kukiongezeka maradufu, kosa linakua mara nne. Hii ndiyo sababu mbio za watu walio karibu huonekana laini kabisa, kisha anaingia mmoja wa mbali na magari yanaanza kurukaruka.

Na sentimita 30 si kitu kilekile kila upande. Mbele na nyuma hakuna atakayeziona. Ubavuni, sentimita 30 ni kioo cha pembeni na sehemu ya mlango. Hapo ndipo malalamiko ya "amenigonga hewani" yanapozaliwa: kwako nafasi ilikuwepo, kwake haikuwepo, na kila kompyuta imekokotoa mgongano kwa gari lake yenyewe. Mmoja amezungushwa, mwingine hakuhisi hata mtikisiko. Ushauri wangu ni kwamba nguvu ya mgongano ipungue kadiri taarifa ya gari lile jingine inavyozeeka, na pakiti zikikatika kwa muda, gari hilo ligeuke kivuli kisichogusika mpaka zirudi. Watasema si halisi. Lakini kurushwa ukutani na gari ambalo halikuwepo pale ni uongo mkubwa zaidi.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: wachezaji wamezoea kutazama pingi, ile namba ya kuchelewa, wakidhani ndogo ndiyo nzuri basi. Kuchelewa kusikobadilika kwa sekunde 0.15 kunavumilika kuliko kunakoruka kati ya 0.04 na 0.2, kwa sababu kilicho imara kinakisiwa na kinachorukaruka hakikisiki. Mkiwaonyesha wachezaji namba moja tu, waonyesheni kiasi cha kuyumba. Na msijaribu kutuma kila kitu. Fizikia ya iRacing hukokotolewa mara 360 kwa sekunde. Hakuna sababu ya kutuma mara zote hizo, wala ya kumtumia mwenzako joto la matairi yako. Mtumieni mahali, uelekeo, kasi, usukani, kiasi cha mafuta kilichokanyagwa na mzunguko wa injini. Huo wa mwisho msiudharau, maana dereva aliyezoea humtambua mwenzake kwa sauti ya kubadilisha gia kabla hajamwona kwenye kioo.

Hayo yote yanahitaji jambo moja ambalo mkichelewa mtalilipia: fizikia yenu ikubali kwamba gari linaweza kuendeshwa na taarifa za kutoka nje badala ya usukani ulio mbele yake. Kama leo msimbo wenu unadhani kila gari liko hapa na dereva wake yuko hapa, basi anzeni kulitenganisha hilo mwezi huu, hata kama seva ya kwanza itakuja mwakani. Mchezo ukishakua, kuupasua tena ni kama kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa wamelala ndani.

Mkiyaweza hayo, kuna ukuta wa pili, na huu hauna uhusiano na msimbo. Ninyi mna magari 8 na viwanja 10. Hiyo ni michanganyiko 80. Jioni mna watu 60. Mkiweka orodha ya seva na kumwachia kila mtu afungue anachopenda, hamtapata hata mtu mmoja kwa kila mchanganyiko, na wengine kati ya hao 60 wako kwenye mazoezi na hawataki mbio. Mgeni atafungua orodha, ataona seva 15 zenye sifuri na moja yenye watu wawili, ataifunga. Kesho ataandika kwamba mchezo umekufa. Nimeona michezo yenye fizikia nzuri sana ikifa kifo hiki, na ilikuwa na wapenzi wa kutosha kabisa kujaza mbio moja kila saa, laiti wangejua wakutane wapi.

iRacing waliliona hili mapema. Msimu wao ni wiki 12, na kila mashindano rasmi hupewa uwanja mmoja kwa wiki, kwa saa zinazojulikana. Kumnyima mchezaji uchaguzi ndiko kunakomjazia uwanja. Ninyi chukueni gari moja na uwanja mmoja kwa wiki, mbio moja saa fulani ya jioni na nyingine kwa ajili ya walio upande wa pili wa dunia, muyaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo kwa herufi kubwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kati ya watu 60, wakija 20 mna mbio. Watu 20 waliokimbia vizuri watarudi na wenzao.

Kuhusu tabia barabarani nitasema kwa ufupi. Kona ya kwanza ya mbio za wageni ni mahali pa maangamizi, na msitarajie heshima bila hesabu. Mfumo uliothibitika ni ule unaopima kona ngapi mtu hupita bila tukio: kutoka nje ya njia pointi kidogo, kugongana zaidi, na wote wawili waliogusana huandikiwa bila kuuliza kosa ni la nani. Watu huulalamikia, wakiuona hauna haki. Mimi nautetea kwa moyo wote. Kompyuta haiwezi kuamua kosa kwa uhakika, kwa sababu zile nilizoeleza za kila mmoja kuona picha yake. Na dereva anayejua kwamba ataandikiwa hata akiwa na haki hujifunza haraka kumwachia mwenye pupa apite. Lakini hesabu hiyo inahitaji watu wengi wa kugawanywa kwa viwango. Kwa 60 bado. Hifadhini kumbukumbu za matukio kuanzia siku ya kwanza, matumizi yaje baadaye.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwenu ni huu. Anzeni na yule wa nne, aliyesahaulika: jedwali la nyakati, pamoja na gari kivuli la mtu yeyote aliyeko kwenye jedwali, ambalo mchezaji anaweza kulipakua na kukimbizana nalo. Hakuna kuchelewa kwa pakiti, hakuna kugongana, hakuna haja ya watu wawili kuwa macho saa moja. Mtu wa usiku hukimbia na wa asubuhi. Jambo la kuangalia ni udanganyifu tu: pokeeni mienendo ya usukani na pedali ya mzunguko mzima, si muda peke yake, ili mweze kuurudia na kuukagua. Kazi hii iko ndani ya uwezo wenu, na sehemu kubwa ya wale wanaouliza "lini?" mtakuwa mmewajibu.

Baada ya hapo, seva ya kujiendeshea kwa ajili ya wenye ligi, na kwa njia hiyohiyo yule wa rafiki mmoja naye amepata. Watu wa ligi ni hazina. Wanaandika sheria wenyewe, wanasuluhisha ugomvi wenyewe, wanafundisha wageni. Wapeni nenosiri la seva, muda wa mazoezi na wa kufuzu, matokeo katika faili linalosomeka na programu nyingine, marudio ya mbio nzima ili waamuzi wao watazame, na njia ya aliyekatika kurudi. Hilo la mwisho halina mzaha. Januari 2023, katika mbio za saa 24 za Le Mans za mtandaoni, seva zilisumbua mpaka mbio zikasimamishwa, na Max Verstappen, dereva wa Formula 1, alikatika akiwa anaongoza. Kikosi kilichojiandaa kwa miezi kikapoteza ushindi kwa waya. Yakiwafika wenye mamilioni, yatawafika na ninyi.

Mbio za wageni za kila saa ziwe za mwisho kabisa, ligi zikishawaletea watu.

Na wachezaji wanaouliza leo, wajibuni kwa kazi badala ya tarehe: sasa tunafanya nyakati na magari kivuli, kisha seva za ligi. Tarehe msitaje mpaka mfanye jaribio hili. Wekeni kompyuta mbili chumba kimoja, mweke kati yake programu ya kuchelewesha pakiti kwa sekunde 0.15, yenye kuyumba kidogo na kupoteza pakiti mbili katika kila mia. Wawili kati yenu mkae kwenye usukani, wa tatu asimame nyuma akitazama skrini zote mbili. Endesheni ubavu kwa ubavu mizunguko 10, mkiingia kila kona pamoja. Aliyesimama aandike kila mara skrini mbili zinapotofautiana kuhusu nani yuko mbele, na kila mguso uliohisiwa upande mmoja tu. Mkifika mzunguko wa kumi na karatasi yake ina mistari michache, wapeni watu tarehe.